Mji Uitwao Karibu

Kiatu kilikataa kuanguka sawasawa mara kumi na moja. Tulikuwa tumekifunga kwa mshipi wa kuvulia samaki, mshipi ukapitishwa juu ya boriti ya ukumbi, na ncha yake nimeishika mimi nyuma ya pazia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mara ya kwanza kiligonga benchi. Mara ya nne kilibaki kinaning'inia kama popo. Mara ya tisa kilimpiga begani mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiigiza mke, akacheka mpaka mazoezi yakasimama. Mara ya kumi na mbili nikaachia mshipi, kiatu kikashuka wima na kutua katikati ya mume na mke waliokuwa wamenyamaziana. Pa! Ukumbi mzima ukanyamaza nao, ingawa hakuna aliyekuwamo ambaye hakujua kwamba kiatu kinakuja.

Ilikuwa Januari, katika mji mdogo wa bara wa jimbo la Maine, pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani. Nilifika huko kwa kazi ya kuhudumia wazee, kazi inayowaajiri wengi wetu jimboni humo, kwa sababu ukipanga majimbo ya Marekani kwa umri wa kati wa wakazi wake, Maine ndilo linaloongoza kwa uzee. Wenzangu wengi wanakaa Portland na Lewiston. Huko kuna Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, na kiangazi cha mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliwasili Portland ndani ya wiki chache hata wakalazwa kwenye ukumbi wa michezo. Ukiwa Portland unaweza kusikia Kiswahili kituo cha basi. Mimi nilipangiwa mji wa mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapo, na kwa miezi minne sikumwamkia mtu yeyote shikamoo ana kwa ana.

Bibi niliyekuwa nikimhudumia alishona maleba ya kikundi cha maigizo cha mji ule kwa miaka mingi, mpaka vidole vyake vikakataa. Jioni moja alinikabidhi mkebe wake wa sindano na kuniambia kwamba Jumanne wanaanza mazoezi na hawana fundi. Sikuwa fundi. Nilikwenda kwa sababu siku ya Jumanne, baada ya kumlaza, nilikuwa sina pa kwenda.

Mchezo uliokuwa ukiandaliwa ni Almost, Maine, komedi ya mapenzi iliyoandikwa na John Cariani. Mwandishi huyu ni mwigizaji aliyekulia Presque Isle, mji wa watu wasiofika 9,000 katika kaunti ya Aroostook, kaskazini kabisa mwa Maine, karibu na mpaka wa Kanada. Ni nchi ya viazi. Kwa desturi ya miaka mingi shule za huko zilikuwa zikifungwa wiki kadhaa msimu wa mavuno ili watoto wasaidie shambani, jambo ambalo msomaji wa Njombe au Nyandarua hahitaji kuelezwa mara mbili. Mchezo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Portland mwaka 2004, mwaka uleule ambao Cariani aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa kuigiza Motel, fundi cherehani wa Fiddler on the Roof. Januari 2006 ukapelekwa New York. Haukumaliza hata miezi miwili.

Kisa cha mchezo huu kingeishia hapo kama miji midogo isingeuokota. Shule zikauchukua, vikundi vya makanisa, vikundi vya ujirani, kumbi zenye viti vya kukunja na taa nne. Kufikia msimu wa 2010 hadi 2011 ulikuwa ndio mchezo unaochezwa zaidi katika shule za sekondari za Amerika Kaskazini, ukiwa umeipita A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare. Wakubwa wa New York waliutazama wakaona jambo dogo. Watu wa mahali padogo waliutazama wakajiona wenyewe.

Hakuna hadithi moja ndefu. Kuna visa vifupi vifupi vya watu wawili au watatu, vyote vikitokea wakati mmoja: Ijumaa usiku, katikati ya baridi kali, saa tatu, chini ya ile mianga ya kaskazini inayocheza angani kwa rangi ya kijani. Mwanamke mjane amepiga hema kwenye uwanja wa mtu asiyemjua, na moyo wake uliovunjika ameubeba ndani ya mfuko wa karatasi, umekuwa vipande vya jiwe. Mwenye uwanja ni fundi wa kutengeneza vitu. Kwingine, mwanamke anamrudishia mpenzi wake mapenzi yote aliyowahi kumpa, mifuko mikubwa tele, na kudai arudishiwe ya kwake. Mwanamume anamletea kijifuko kidogo, naye anakasirika kwa udogo wake mpaka anapokifungua na kukuta pete. Na kile kiatu chetu: mume na mke wamemaliza kuteleza kwenye barafu, kiatu kimoja cha mke kimepotea, wanakitafuta huku ndoa yao ikifumuka mshono kwa mshono. Wamarekani, mtu anaposubiri balaa analojua litafika, husema anasubiri kiatu cha pili kidondoke. Cariani amekidondosha kweli. Ndivyo anavyofanya kazi: anachukua usemi wa mapenzi unaotamkwa kila siku bila kufikiriwa, anaupa uzito, anauweka jukwaani ukiwa kitu cha kushika mkononi.

Jina la mji ndilo lililonifanya niupende mchezo huu kabla sijauelewa. Mji huo wa kubuni unaitwa Almost kwa sababu wakazi wake hawakuwahi kujipanga wakawa mji kamili. Na Maine, kwa kweli, ina maeneo makubwa yasiyo na serikali ya mtaa hata leo. Rafiki yangu Mkongomani, anayejua Kifaransa vizuri kuliko Kiingereza, aliponisikia nikitaja Presque Isle alinikatiza: presque, si ndiyo almost yenyewe? Ndiyo yenyewe, na siamini kwamba kijana aliyekulia katika mji wenye jina hilo alilichagua jina la pili kwa bahati. Nikaanza kutafuta Kiswahili chake. Nusura? Nusura ina ajali ndani yake. Nusura nianguke, nusura nife. Takriban ni ya mahesabu. Neno lililobaki ni karibu. Karibu nifike. Nyumba iliyo karibu. Karibu ndani. Neno moja linasema hujafika, linasema hauko mbali, na linafungua mlango. Sijui lugha nyingine inayoweza kuutafsiri mji ule hivyo.

Na mchezo wenyewe unaanzia hapohapo, kwenye ukaribu. Msichana na mvulana wamekaa kwenye benchi nyota zikiwaka. Msichana ametamka anachohisi. Mvulana, kwa woga, anaanza kueleza kwamba dunia ni duara, kwa hiyo anayekaa nawe bega kwa bega ndiye aliye mbali nawe kuliko wote, ukihesabu kwa kuzunguka upande wa pili. Anamwonyesha kwa bonge la theluji. Msichana ananyanyuka, anaondoka kwa upande ule wa pili. Mvulana anabaki peke yake na bonge lake. Katikati ya mchezo tunamwona bado anangoja. Mwishoni kabisa msichana anaingia kutoka upande mwingine wa jukwaa, amechoka, ameizunguka dunia nzima.

Katika kitabu cha mchezo mwandishi ameweka maelekezo ambayo mwongozaji wetu, mkutubi mstaafu, aliyasoma kwa sauti siku ya kwanza kabla hajamgawia mtu sehemu. Anasihi kwamba watu wa mji huo wasiigizwe kama wajinga. Wasivishwe nguo za kuchekesha, wasipewe lafudhi ya kuchekesha, wasifanywe vituko. Ni watu wa kazi, wenye heshima zao, na wanasema wanachomaanisha. Nilipoyasikia nilifikiria vichekesho vyetu. Hesabu mwenyewe ni vingapi vinasimama juu ya mshamba: kaptura imepanda hadi kifuani, soksi ndefu, Kiswahili cha kabila, anashuka stendi na kuibiwa. Nimecheka navyo tangu utotoni, sikatai. Lakini mtu wa Korogwe akicheka mshamba wa jukwaani anamcheka mjomba wake, na yale yaliyomnyima mjomba usingizi hayajawahi kupata nafasi katika kichekesho. Kizuri cha mchezo huu ni kwamba watu wanacheka mpaka machozi bila mtu yeyote kudharauliwa. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, na lilituchukua wiki saba.

Kazi yangu ngumu ilikuwa kisa cha mwisho, cha marafiki wawili wa siku nyingi, Rhonda na Dave, wanaogundua ukumbini mwa nyumba kwamba si marafiki tu. Wametoka kuendesha pikipiki za theluji, wamevaa kila walicho nacho, na inabidi wavue. Koti la nje. Suruali ya theluji yenye mikanda ya mabegani. Sweta. Shati la flana. Shati jingine. Buti. Soksi, na soksi nyingine. Nilijiona mwerevu: nikang'oa vifungo vyote vya yale mashati na kuweka velkro, ili waigizaji wasikwame. Mwongozaji aliangalia mara moja, akaniomba nirudishe vifungo. Alisema watu wale wamejifunika kwa miaka, na hadhira lazima ione kazi ya kujifungua. Nilikaa hadi usiku wa manane nikishona vifungo ishirini na sita, bibi akiwa macho kitandani mwake akiniambia nizungushe uzi mara ngapi.

Mchezo una wahusika kumi na tisa, na umeandikwa kwa namna ambayo waigizaji wanne wanatosha kuwacheza wote. Vikundi vya kulipwa hupenda hivyo, kwa sababu za gharama na kwa sababu ya kuonyesha ustadi. Kikundi chetu kilichagua watu kumi na tisa kwa wahusika kumi na tisa. Kwa macho ya kisanaa huenda ni udhaifu. Wengine walikuwa na sauti isiyovuka safu ya tatu. Mimi nasema ndiyo akili yenyewe ya maigizo ya jamii. Watu kumi na tisa, na nyuma yao mtu wa taa, mtu wa chai, mtu wa kiatu, wakikutana jioni tatu kwa wiki katika msimu ambao jua huzama saa kumi alasiri na kila mtu hufunga mlango wake. Kanuni ilikuwa moja: anayefika kwanza anapanga viti.

Kati yao alikuwamo mzee aliyestaafu udereva wa basi la shule. Alipewa kisa cha mwanamume anayefungua mlango usiku na kumkuta mwanamke asiyemtambua mara moja. Mwanamke huyo ndiye ambaye mwanamume alimwomba uchumba miaka mingi iliyopita, naye akaondoka bila kujibu. Sasa amerudi na jibu, na limechelewa, kwa sababu ndani ya nyumba kuna sauti ya mke ikiuliza ni nani mlangoni. Mzee alijua maneno yake yote wiki ya pili. Alichoshindwa ni kuufunga mlango. Kila alipofika mwisho aliuacha wazi kidogo. Mwongozaji akamwelekeza, akamwelekeza tena, kisha akaacha. Baadaye, tukikunja viti, mzee aliniambia mkewe alifariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo anapitisha siku nne au tano bila kutumia sauti yake. Hakuna anayemuudhi, hakuna anayemnyima kitu. Mjini wote wanamjua, wote wanampungia mkono barabarani. Ndiyo sababu hana wa kumwambia.

Maneno hayo yalinirudisha nyumbani haraka kuliko ndege. Nimekulia mji mdogo. Najua jinsi unavyoweza kusalimiwa mara hamsini kutoka sokoni hadi nyumbani, na usiwe na hata mmoja wa kumweleza kwamba umeachwa, au umechoka, au unaogopa, kwa kuwa kesho neno lako litakuwa limefika kisimani kabla yako. Tumezoea kusema upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna ndugu na majirani. Juni 2025 Kamisheni ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti yake: mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Halafu kuna takwimu iliyonikalisha kitako. Katika nchi za kipato cha chini wanaosema ni wapweke ni kama asilimia 24, katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Kiswahili kilijua siku nyingi, ndiyo maana kina maneno mawili. Upweke ni kuwa mmoja. Ukiwa ni hali ya nyumba iliyohamwa, na mtu anaweza kuwa nao akiwa na watu kumi mezani.

Basi najiuliza kwa nini ukiwa huo haupandi jukwaani kwetu. Afrika Mashariki haijawahi kukosa maigizo ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, na badala ya kuwapelekea wanakijiji mchezo, waliwaacha wataje wenyewe matatizo yao, wayaigize, wayajadili. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Kilichofuata baadaye katika sehemu nyingi ni kitu kingine: kikundi cha sanaa kikishuka kwenye gari lenye nembo, ujumbe umekwisha kuandikwa mahali pengine, igizo la dakika ishirini kuhusu chandarua au choo, maswali mawili kwa hadhira, fulana kwa aliyejibu. Sidharau chandarua, kimeokoa watoto wetu. Lakini vijana wenye kipaji wa miji yetu wamefundishwa kwamba mchezo wa jamii lazima uwe na mfadhili na uwe na somo. Mwanamke aliyebeba moyo wake ndani ya mfuko wa karatasi hana mfadhili.

Tulionyesha mara nne, Ijumaa na Jumamosi kwa wiki mbili, katika ukumbi wa zamani wa chama cha wakulima. Mianga ya kaskazini ilikuwa taa mbili zilizofunikwa karatasi ya plastiki ya kijani, na mtu mmoja akizizungusha polepole kwa mkono. Usiku wa tatu rafiki yangu alinijia kutoka Portland na mama yake mzazi, aliyetoka Bukavu na ambaye Kiingereza chake ni cha dukani. Nilikuwa na wasiwasi naye. Nilimchungulia kutoka penye pazia. Alicheka kwenye mifuko ya mapenzi. Kwenye vifungo alicheka akashika ubavu. Kiatu kilipoanguka, sawasawa, hakucheka. Aliweka mkono mdomoni.

Baada ya onyesho nikamwamkia, shikamoo mama, na nadhani niliirefusha kuliko kawaida. Nikamuuliza kama amefuata.

"Nimesikia yote, mtoto wangu," akasema. "Bwana yake iko pale pale, lakini ule mama iko peke yake."

Yule mzee wa basi alikuwa amesimama kando akisubiri kusalimiana nasi. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, namna yetu, akakaa nao. Walizungumza kwa muda mrefu, yeye kwa Kiswahili cha Bukavu na mzee kwa Kiingereza cha Maine, na rafiki yangu hakuitwa kutafsiri. Usiku ule mlango wa kisa chake mzee aliufunga, taratibu, mpaka komeo likalia.

Kila mji mdogo ninaoujua kwetu una ukumbi: wa parokia, wa shule, wa halmashauri, wa msikiti, na jioni za katikati ya wiki umefungwa kwa kufuli. Nawaomba walimu wa fasihi, viongozi wa vijana, na yeyote mwenye ufunguo, waufungue. Hakuna haja ya kuanza na mchezo wa Marekani, na anayeutaka ajue kwamba ruhusa ya mwandishi inaombwa na kulipiwa kabla ya mazoezi ya kwanza, na tafsiri nayo inahitaji idhini yake. Anzeni na cha kwenu. Watu wawili, benchi moja, saa tatu usiku, stendi ya Makambako au kituo cha reli cha Voi, mmoja ana neno na hajui alianzeje. Dakika kumi zinatosha. Wapeni nafasi wengi kuliko mnaowahitaji, na mwulizeni mzee wa jirani kama angependa kuja kupanga viti.